Fedha Zilizopita Mogogosiek

Kodi ya kwanza kufika katika vilima hivi haikumwuliza mtu analima nini wala ana ng'ombe wangapi. Ilihesabu nyumba. Kanuni za mwaka 1901, zilizotungwa nchi ikiwa bado ni Himaya ya Afrika Mashariki, zilitaka kila nyumba ilipiwe rupia mbili kwa mwaka, na muda si mrefu zikawa tatu. Mwanamume mwenye wake watatu alikuwa na nyumba tatu, na kila moja ilidaiwa peke yake. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili kijana asiye na nyumba yake asiponyoke.

Mogogosiek leo ni kituo cha biashara na wadi katika Konoin, Kaunti ya Bomet. Kuna kiwanda cha chai chenye jina la mahali hapo, maduka yaliyopangana kando ya barabara, soko, na mashamba madogo ya chai yanayoshuka hadi mabondeni. Mwaka 1901 hakukuwa na chai wala duka. Kulikuwa na Wakipsigis, ambao Waingereza waliwaita Walumbwa, na mamlaka yao ilikaa katika kokwet, yaani baraza la wazee wa majirani waliokutana kuamua mambo ya mipaka, ng'ombe na ugomvi. Hakukuwa na chifu. Hili ni jambo la kukumbukwa na kila anayetaka kuelewa kwa nini kodi ina historia ngumu hapa: aliyekuja kudai kodi alilazimika kwanza kumtengeneza mtu wa kuikusanya. Serikali iliteua machifu na vijumbe, ikawapa askari, na kazi yao ya kwanza machoni pa watu ikawa kuhesabu nyumba. Mwaka 1905 jeshi lilikuwa tayari limepita Sotik kuwaadhibu Wakipsigis, likaua watu na kuswaga ng'ombe. Kumbukumbu hiyo ilikuwa bado mbichi wakati vitabu vya kodi vilipofunguliwa.

Rupia zenyewe hazikuwako vilimani. Mtu alikuwa na ng'ombe, mbuzi, wimbi na asali. Ili apate sarafu ilimbidi auze mnyama au aende kufanya kazi kwa mzungu, na ndicho kilichokusudiwa. Kodi ilikuwa chombo cha kutafuta vibarua sawasawa na ilivyokuwa chombo cha kutafuta fedha. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoisha, ilipandishwa hadi kufikia shilingi 16, ikarudishwa 12 mwaka 1922 baada ya malalamiko makubwa ambayo Harry Thuku aliyaongoza Nairobi.

Katika miaka hiyohiyo ardhi ya Kericho ilikuwa ikibadilisha mikono. Baada ya vita, ekari zipatazo 25,000 zilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Bei ya kitani ilianguka na mradi ukafa. Kati ya 1924 na 1926, Brooke Bond na James Finlay waliingia na kununua ardhi, wakapanda chai. Tangu hapo mzunguko ukakamilika: Mkipsigis alifanya kazi katika shamba la chai lililokuwa malisho ya baba yake, akalipwa kwa shilingi, na shilingi hizo akampelekea chifu, chifu akazipeleka kwa Mkuu wa Wilaya mjini Kericho, na Kericho ikazipeleka Nairobi. Kati ya vituo vyote hivyo, hakuna hata kimoja kilichokuwa na wajibu wa kumjengea daraja.

Serikali ya kikoloni yenyewe ililiona tatizo. Sheria ya mwaka 1924 ilianzisha mabaraza ya wenyeji, na Wakipsigis wakapata lao, likiongozwa na Mkuu wa Wilaya. Mabaraza haya yaliruhusiwa kutoza ada yao ndogo juu ya ile kodi ya Nairobi. Hapo ndipo historia ya mapato ya serikali za mitaa inapoanza hasa katika nchi hii, na inaanza na kasoro ambayo sijaona ikirekebishwa hadi leo: kodi kubwa ilikwenda mbali, na huduma za karibu, kama shule, zahanati na njia za vijijini, ziliachiwa kijitozo kilichoongezwa juu yake. Mlipaji alitoa mara mbili. Alipouliza shule iko wapi, aliambiwa atoe tena. Mwaka 1932 Lord Moyne alitumwa kutoka London kuchunguza fedha za koloni, na ripoti yake ilikiri kwamba Waafrika walikuwa wakilipa kuliko huduma walizokuwa wakipata. Alipendekeza mfuko maalumu wa maendeleo yao. Dunia ilikuwa katikati ya mdororo wa uchumi, na mzigo haukupungua.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Kericho ikiwa bado sehemu ya Jimbo la Nyanza, ushuru wa mazao ukapata uzito mpya. Wakipsigis walikuwa wamejifunza kulima mahindi kwa wingi na kuyauza, mengi yakienda kulisha vibarua wa mashamba ya chai. Gunia lilipouzwa, senti kadhaa zilikatwa kabla mkulima hajalipwa, zikaingia katika mfuko wa kuboresha ardhi na kilimo. Wakusanyaji wa kodi walijifunza hapo jambo ambalo hawakulisahau tena: kumfuata mtu nyumbani kwake ni gharama na ugomvi, lakini mazao yake yakishapita mahali pamoja, unaweza kumkata bila hata kumwona.

Chai ilikuja kulithibitisha hilo.

Mwafrika alikuwa amezuiwa kwa miaka mingi asipande chai. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulifungua mlango, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikaundwa mamlaka ya kusimamia mazao maalumu, ambayo mwaka 1964 ikawa Mamlaka ya Ustawi wa Chai Kenya, KTDA. Mkulima wa Konoin alipewa miche, akafundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi, akapewa namba. Kila alipopeleka chai katika kituo cha kununulia, karani aliipima, akaandika kilo mbele ya namba yake, na mwisho wa mwezi akalipwa kwa kilo hizo baada ya makato. Katika makato hayo zilikuwamo tozo mbili za Mamlaka yenyewe kwa kila kilo: moja ya kuendesha shughuli zake, nyingine ya kulipia viwanda. Mbolea ikaja kwa mkopo na kukatwa vilevile. Baadaye, mwaka kwa mwaka, ikaja bonasi, yaani malipo ya nyongeza.

Nataka kukaa kidogo juu ya mizani hiyo, maana ndiyo mashine bora kabisa ya kukusanya fedha iliyowahi kuwekwa katika nchi hii ya vilima. Mkulima mwenye robo ekari na mkulima mwenye ekari tano walijulikana wote, kwa namba, hadi kilo ya mwisho. Hakuna aliyehitaji kuvamiwa sokoni asubuhi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuificha chai yake, kwa kuwa chai isiyopimwa hailipwi. Na zaidi ya yote, makato yalikuwa na sura: kiwanda kilionekana kikiota ukuta na dohani, lori lilionekana likija. Watu walinung'unika juu ya viwango, wakashuku mizani, wakadai hesabu, na wana haki ya kufanya hivyo hadi kesho. Lakini walilipa. Anayesema kwamba maskini wa vijijini hawatozeki, na atazame daftari la kituo cha kununulia chai.

Swali ni mashine hiyo ilimfanyia kazi nani. Baraza la mahali halikuwa mwenye mizani. Lilipewa haki ya kupata ushuru wa mazao kupitia mizani ya mwingine, kwa kiwango kilichowekwa na sheria iliyotungwa Nairobi, nalo likabaki mpokeaji.

Lakini kabla ya kufika huko, kulikuwa na miaka sita au saba ambayo nadhani ndiyo muhimu kuliko yote katika simulizi hii, na inasahauliwa mno.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mabaraza ya wilaya za Waafrika yaligeuka kuwa mabaraza ya kaunti. Kericho ilihamishwa kutoka Nyanza ikaingia Bonde la Ufa, na Wakipsigis wakawa na Baraza la Kaunti la Kipsigis. Baraza hilo, kama mengine nchini, lilipewa shule za msingi, afya ya vijijini na barabara nyingi. Lilipewa pia chanzo cha kuzilipia: kodi ya mtu binafsi iliyopanda kwa kadiri ya kipato chake. Kwa mara ya kwanza, fedha iliyotolewa na mtu wa Mogogosiek ilikuwa na njia fupi: kutoka mfukoni mwake hadi barazani kwake, kutoka barazani hadi kwenye shule ya mtoto wake.

Njia ilikuwa fupi, ila ilikuwa na mashimo. Nani angejua kipato cha mfugaji? Cha mchuuzi wa mahindi? Mtumishi wa shamba la chai la kampuni alikatwa kwenye mshahara na hakuwa na pa kujificha. Jirani yake mwenye ng'ombe 20 alijieleza mbele ya chifu kwamba hana kitu, na chifu, aliyekuwa mtu wa ukoo fulani na mwenye mashemeji, aliandika alichoandika. Waliobaki nyuma walitafutwa kwa misako sokoni na njiani, na askari wa chifu wakidai stakabadhi. Msako ulikuwa mbinu ileile ya ukoloni, imevaa bendera mpya. Watu waliokuwa wamepigania kuondokana na kipande, ile hati ya utambulisho ya kikoloni, na risiti ya kodi walijikuta wakionyesha risiti tena.

Wakati huohuo idadi ya watoto shuleni ilikuwa ikipanda kwa kasi ambayo hakuna kodi ya vijijini ingeweza kuifuata. Uhuru uliahidi elimu, na wazazi waliichukua ahadi kwa uzito. Mabaraza mengi nchini yakashindwa kulipa walimu kwa wakati. Chama cha walimu, KNUT, kiligoma na kudai mwajiri mmoja, na mwaka 1967 ikaundwa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ikawachukua walimu wote. Hilo lilikuwa jambo jema kwa mwalimu aliyekuwa akikaa miezi bila mshahara, nami simlaumu aliyelidai. Ila ulikuwa mwanzo wa kuondolewa kwa kila kitu. Bunge likapitisha sheria mwaka 1969, na tarehe 1 Januari 1970 elimu, afya na barabara zilihamia serikali kuu. Kodi ya mtu binafsi nayo ilihama, na kufikia mwisho wa mwaka 1973 ikafutwa kabisa, mwaka uleule ambao serikali kuu ilianzisha kodi ya mauzo.

Watu walishangilia, kwa sababu kodi ya mtu binafsi ilikuwa chungu. Na kweli ilikuwa chungu. Lakini tazama kilichobadilishwa. Kodi ya mauzo ilikuwa ndani ya bei ya sukari na sabuni. Mtu wa Mogogosiek aliilipa kila aliponunua bidhaa dukani, bila kudaiwa, bila risiti ya kodi, na bila kuwa na pa kwenda kuuliza fedha yake imefanya nini. Hakuacha kulipa. Alichopoteza ni mtu wa karibu wa kumdai.

Majirani zetu walipita njia hiyohiyo kwa nyakati tofauti. Tanzania ilivunja serikali za mitaa mwaka 1972 na kuzirudisha miaka kumi hivi baadaye. Ikafuta kodi ya maendeleo, ambayo wananchi waliendelea kuiita kodi ya kichwa, mwaka 2003. Uganda iliisimamisha kodi yake kama hiyo mwaka 2005, uchaguzi ukiwa mlangoni. Kila mahali sababu zilifanana: misako, aibu ya wanaume kukamatwa mbele ya watoto wao, gharama kubwa ya kukusanya kidogo. Na kila mahali halmashauri zilibaki zikingoja hundi kutoka makao makuu.

Baraza la Kaunti la Kipsigis lilibaki na ushuru wa soko, leseni za maduka, kodi za vibanda na ushuru wa mazao. Miaka ilipita hivyo, mingi na mirefu. Mwaka 1988 serikali ilijaribu kuyapa mabaraza nguvu kwa ada ya huduma iliyolipwa na waajiriwa na wafanyabiashara. Ikafutwa mwaka 1999, mahali pake pakachukuliwa na mfuko wa LATF uliogawa asilimia 5 ya kodi ya mapato ya taifa kwa serikali za mitaa. Mwaka 1995 Tume ya Omamo ilikuwa imechunguza hali ya mabaraza hayo nchini. Hali ilijulikana. Watumishi walikuwa wengi kuliko kazi, mishahara ilimeza makusanyo, na diwani alipimwa kwa ajira alizotoa.

Ushuru wa chai, au sesi kama mkulima anavyoijua, ndio uliokuwa na maana zaidi hapa. Kiwango kilikuwa asilimia 1 ya thamani ya mazao chini ya Sheria ya Kilimo, na asilimia 80 ya fedha hizo ilitakiwa kurudi katika barabara za maeneo zilikotoka. Kwenye karatasi huo ni mpango mzuri mno. Chai ikikaa mvuani muda mrefu inaharibika. Lori likikwama kilimani kilo za mamia ya watu hugeuka kuwa takataka. Kwa hiyo barabara ni sehemu ya zao lenyewe, na mkulima anayetoa senti kwa ajili ya barabara anatoa kwa faida yake mwenyewe. Lakini mkulima wa Konoin hakuwahi kuwa na uhakika senti zake zimekaa kwenye daftari la nani. Mwaka 1992 Wilaya ya Bomet ilimegwa kutoka Kericho. Baadaye ikamegwa Wilaya ya Bureti, makao yake Litein, na Konoin ikawekwa humo. Ugatuzi ulipokuja mwaka 2013, Bureti ikabaki upande wa Kericho na Konoin ikawa Bomet. Ndani ya miaka 20 na ushei, mtu yule yule, kwenye shamba lile lile, akipeleka chai kiwanda kile kile, ofisi yake ilihama zaidi ya mara moja. Faili zilihama au hazikuhama. Orodha za viwanja vya vituo vya biashara, barua za ugawaji, madeni ya leseni, yote yalisafiri kwa magari ya serikali kati ya miji mitatu. Anayeshangaa kwa nini kaunti haina rejista kamili ya walipaji, na aanze kuuliza hapo.

Machi 2013 serikali za mitaa 175 za zamani zilikoma na kaunti 47 zikazaliwa. Isaac Ruto akawa gavana wa kwanza wa Bomet, akafuatwa mwaka 2017 na Joyce Laboso, aliyefariki Julai 2019, kisha Hillary Barchok. Katiba ya mwaka 2010 ilikuwa imezipa kaunti mambo mawili ya kutoza bila kuomba: kodi ya mali, yaani ardhi na majengo, na kodi ya burudani. Juu ya hayo zinaweza kutoza ada kwa huduma zinazotoa. Kodi nyingine yoyote lazima Bunge la taifa liidhinishe. Katika kaunti ya chai, burudani haijengi barabara. Ilibaki mali.

Kwa sehemu kubwa ya mwongo wa kwanza wa ugatuzi, mapato ya ndani ya Bomet yalizunguka shilingi milioni 200 kwa mwaka, au pungufu. Mgao kutoka serikali ya kitaifa ulikuwa bilioni kadhaa. Kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22 ulifika takriban bilioni 6.7. Yaani katika kila shilingi 100 za kaunti, chini ya shilingi tano zilitolewa moja kwa moja na watu wa kaunti kwa kaunti yao. Hata katika hizo chache, sehemu nzuri ilikuwa ada za wagonjwa hospitalini, Longisa na kwingineko, na ada ya mgonjwa ni fedha inayotakiwa ibaki hospitalini inunue dawa. Sheria ya mwaka 2023 sasa inasema hivyo waziwazi.

Zilizobaki hukusanywa kwa mkono, na hapa ndipo ninapohisi uchungu. Anayelipa bila kukosa ni mama anayetandika gunia chini sokoni na kupanga mafungu ya viazi na kabichi. Kanjo, yaani mtoza ushuru wa kaunti, humpitia kila siku ya soko na kumkatia tiketi, auze asiuze. Mvua ikinyesha hakuna kibanda, choo cha soko kimefungwa, taka za wiki iliyopita ziko pale pale. Mwenye jengo la ghorofa mbili upande wa pili wa barabara, ambaye kodi ya wapangaji humwingilia mwezi hadi mwezi, anaweza kumaliza mwaka bila kuipa kaunti hata senti kwa ajili ya kiwanja hicho. Hakwepi. Hajadaiwa. Kiwanja chake hakimo katika orodha ya uthamini, au kimo kwa jina la marehemu, au ana barua tu ya ugawaji ya baraza ambalo halipo tena. Kuthamini upya kunahitaji wathamini wenye leseni, na kaunti kama hii haina fedha za kuwalipa. Na haina fedha kwa sababu haijathamini.

Tufanye hesabu ya kawaida tu. Mtoza ushuru analipwa mshahara, anapanda pikipiki hadi kituo cha mbali, anakusanya tiketi za mia mia, anarudi. Siku ya mvua anachokusanya hakitoshi kulipia mafuta na siku yake. Akiwa na njaa na hasimamiwi, baadhi ya fedha hazitafika. Kwa hiyo kaunti nyingi zimehamia malipo kwa simu, na ni hatua njema, kwa sababu fedha isiyoshikwa na mkono haipunguzwi na mkono. Lakini simu haijui kiwanja ni cha nani. Huko Freetown, Sierra Leone, meya Yvonne Aki-Sawyerr alianza mwaka 2020 kuyathamini majengo kwa picha za setilaiti na alama zinazoonekana kwa macho, paa la aina gani, ukuta wa aina gani, badala ya kungoja mthamini. Konoin hakuna mji mkubwa kama ule, lakini paa zinaonekana vilevile.

Sesi nayo ilikutana na sheria. Sheria ya Kilimo iliyokuwa msingi wake ilifutwa katika mageuzi ya mwaka 2013, na kaunti zikajaribu kuurudisha ushuru huo kupitia Sheria zao za Fedha za kila mwaka. Mahakama zilikuwa macho. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Base Titanium dhidi ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba kaunti ile haikuwa na haki ya kutoza ushuru kwa mzigo uliopita barabarani kwake. Naziona hukumu hizo kuwa za haki. Bila hizo kila mpaka wa kaunti ungekuwa kizuizi na kila lori lingelipa mara saba kabla ya Mombasa. Lakini kwa kaunti ya chai zilikuwa na maana kwamba mizani, ile mashine bora, haiguswi kirahisi. Kisha Sheria ya Chai ya mwaka 2020 ikarudisha wazo la tozo ya kitaifa juu ya chai. Mara nyingine tena, kiini cha chanzo kikawa Nairobi.

Na mkulima mwenyewe? Wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakilalamika kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, na mwenye bonasi ndogo hana hamu ya kusikia neno tozo. Mwezi Juni 2024 vijana walijaa barabarani kote nchini kupinga Mswada wa Fedha, ukaondolewa. Mwakilishi wa wadi anayetaka kurudi kwenye kiti chake hatasimama mkutanoni Mogogosiek kupendekeza kodi ya ardhi. Atawaambia watu kwamba fedha ziko Bomet mjini, gavana atasema ziko Nairobi zimechelewa, na kila mmoja wao atakuwa amesema kweli kiasi. Huku nyuma wananchi huchanga. Wanachanga kwa ajili ya darasa, mgonjwa, karo, mazishi, na kwa ajili ya kokoto za kilima ambacho lori la chai haliwezi kukipanda. Michango hiyo ni kodi ya kweli ya serikali ya mitaa. Haimo katika kitabu chochote cha Msimamizi wa Bajeti, na ni mzigo mzito kwa wale wasio na kitu, kwa kuwa anayekaa karibu na barabara mbovu ndiye anayeombwa.

Kuna chanzo kimoja cha mali ambacho hakijifichi, hakina jina la marehemu, na kinaonekana hata kutoka barabara kuu ya Kericho: maelfu ya ekari za chai za makampuni, zilizopakana na mashamba ya watu wadogo wa Konoin. Hati za ardhi hizo zilitolewa na serikali ya kikoloni kwa miaka 999. Machi 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi, baada ya kusikiliza madai ya Wakipsigis na ya ukoo wa Talai juu ya dhuluma za kihistoria, ilipendekeza ardhi ipimwe upya, na kodi zake ziongezwe ili zinufaishe serikali ya taifa na za kaunti. Wenye mashamba walipinga mahakamani. Makampuni yenyewe yamebadilika: mashamba ya Finlay na yale yaliyokuwa ya Brooke Bond na kisha Unilever yameingia mikononi mwa Browns ya Sri Lanka katika miaka hii ya karibuni. Mwaka 2024 Bunge lilipitisha Sheria ya Taifa ya Kodi ya Mali, kuchukua nafasi ya sheria za zamani za uthamini ambazo kaunti zilikuwa zikizitumia tangu enzi za mabaraza. Inazipa kaunti njia iliyo wazi zaidi ya kuthamini na kutoza, ardhi ya kilimo ikiwemo.

Katiba ya mwaka 2010 ilikata hati za wasio raia kutoka miaka 999 hadi 99, ikihesabu kuanzia siku ilipoanza kutumika, tarehe 27 Agosti 2010. Kwa hesabu hiyo zitafika ukingoni mwaka 2109. Kiwango kitakacholipwa Bomet kwa kila ekari hadi wakati huo kinapaswa kuamuliwa na Bunge la Kaunti, kwa kura ya watu waliochaguliwa katika wadi kama Mogogosiek.